Namna ya Kuandika Maisha ya Mwanamke Anayekuongoza, Angali Hai

Waya, yaani shangazi yangu upande wa baba, alizikwa nyumbani kwa mumewe huko Seme, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandika wasifu wake. Niliuandika kwa usiku mmoja, nikajaza kurasa mbili za kitabu cha mazishi: mwaka wa kuzaliwa, shule aliyosoma, mwaka wa ndoa, watoto na wajukuu aliowaacha, kisha nikaongeza kwamba alikuwa mchapakazi, mkarimu na mcha Mungu. Kila neno lilikuwa kweli. Hata hivyo, wasifu ule ungeweza kusomwa katika mazishi ya mwanamke yeyote kutoka Siaya hadi Nakuru bila mtu kutambua kwamba karatasi zimebadilishwa.

Baada yangu alisimama mama mmoja anayeuza omena, yaani dagaa wa Ziwa Victoria, katika ufuo wa Dunga huko Kisumu, ambaye jina lake halikuwa katika ratiba, akaomba dakika mbili. Alisema kwamba katika juma lile alilofiwa na mumewe, waya alimpimia gorogoro tatu (makopo ya kupimia) za omena kwa mkopo ili aanze kuuza, na alipomwomba aliandike deni lile katika daftari, waya alikataa. “Nikiliandika utaanza kunikwepa njiani,” alimwambia, “nami nataka nikuone kila siku.” Deni lile lililipwa kidogo kidogo kwa miezi miwili, kila walipokutana. Watu wote hemani walinyamaza. Nilikuwa nimekula kwa waya tangu utotoni, na jambo hilo sikulijua. Katika maneno ya dakika mbili mlikuwa na kitu ambacho mtu angeweza kukichukua na kwenda nacho sokoni kesho yake. Katika kurasa zangu mbili hamkuwamo kitu cha namna hiyo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiandika habari za wanawake wanaonionyesha njia, wa ukoo na mtaa wetu pamoja na wa historia, na utaratibu ninaoufuata nauweka hapa kwa ajili ya yeyote anayetaka kuifanya kazi hiyo wakati wahusika bado wanaweza kuulizwa. Msingi wake ni huu: andika alichofanya mwanamke huyo, siku gani, kwa pesa kiasi gani na nani akiwa kando yake, na yale maneno ya sifa uyaache mpaka uone kama bado yanahitajika.

Kuchagua

Anza na swali lako mwenyewe kabla ya kutafuta jina la mtu. Anayefikiria kuacha kazi ya mshahara atamhitaji mwanamke mmoja, anayelea watoto peke yake atamhitaji mwingine, na msichana aliyeitwa chuoni lakini hana karo atamhitaji wa tatu. Chagua watatu au wanne tu. Mmoja wao awe mtu wa historia, na angalau wawili wawe watu unaoweza kuwafikia kwa matatu au bodaboda na kurudi nyumbani jioni. Nimeona madaftari mazuri yaliyoanza na orodha ya wanawake mashuhuri ishirini na kuishia ukurasa wa tatu, kwa kuwa mwandishi hakuwa na neno la kumuuliza hata mmoja wao.

Yule ambaye tayari ameandikwa

Kwa mwanamke mashuhuri, tazama kwanza nafasi iliyo kati ya ushindi mmoja na mwingine. Faith Kipyegon, mzaliwa wa eneo la Keringet katika kaunti ya Nakuru, alishinda dhahabu ya mita 1,500 katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, akaishinda tena katika ile ya Tokyo iliyofanyika 2021, na tena Paris 2024. Medali hizo tatu zikipangwa kwa mfululizo zinamfanya aonekane kama mtu ambaye hakuwahi kusimama njiani. Lakini mwaka 2018 alijifungua binti yake, na mwaka 2019 alirudi uwanjani akapata medali ya fedha katika mashindano ya dunia huko Doha. Mwanamke anayerudi kazini baada ya likizo ya uzazi na kukuta wenzake wamemtangulia atajifunza mengi zaidi katika fedha ile ya Doha kuliko katika dhahabu zote tatu. Vivyo hivyo, tarehe 26 Juni 2025 mjini Paris alijaribu kukimbia maili moja chini ya dakika nne, akamaliza kwa 4:06.42; siku tisa baadaye, huko Eugene nchini Marekani, aliivunja rekodi yake mwenyewe ya dunia ya mita 1,500 kwa muda wa 3:48.68. Siku hizo mbili ziandike katika ukurasa mmoja, wala usiifiche ya kwanza nyuma ya ya pili.

Kisha mrudishe mwanamke huyo katika mji wake na katika mwaka wake. Watu wengi wa Kisumu watakuambia kwamba Grace Onyango alikuwa meya wa kwanza mwanamke nchini Kenya, mwaka 1965, na mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuwa mbunge, mwaka 1969. Ni wachache watakaokukumbusha mwaka 1969 ulikuwa mwaka gani hapa kwetu. Waziri Tom Mboya aliuawa mwezi wa Julai. Tarehe 25 Oktoba, Rais Kenyatta alipokuja kufungua hospitali ambayo wazee mpaka leo wanaiita Russia, risasi zilipigwa na watu wakafa. Siku chache baadaye chama cha upinzani cha KPU kilipigwa marufuku na viongozi wake wakawekwa kizuizini. Uchaguzi ukafanyika Desemba. Mwalimu huyu wa zamani alisimama mbele ya mji uliokuwa bado katika matanga, akaomba kura, akazipata, na akakaa Bungeni hadi mwaka 1983. Mimi nilikuwa nikilisikia jina lake kila mwaka bila kuguswa. Siku nilipoziandika tarehe zile tatu kando ya jina hilo, Julai, Oktoba na Desemba, ndipo nilipoanza kujiuliza alilala vipi usiku wa kabla ya kupiga kura.

Tafuta pia kazi aliyoifanya kabla ya kujulikana. Grace Ogot alikuwa muuguzi na mkunga, aliyepata mafunzo yake Uganda na Uingereza, kabla ya kuwa mwandishi wa riwaya na baadaye mbunge wa Gem. Margaret Ogola aliandika riwaya huku akiendelea na kazi yake ya udaktari wa watoto. Asenath Bole Odaga alikusanya hadithi simulizi za Wajaluo na kuanzisha kampuni ya uchapishaji hapahapa Kisumu, na kwangu yeye ni kama mlezi wa kazi hii ninayoieleza, maana ndiyo aliyoifanya: kuwaendea wanaosimulia, kuwasikiliza na kuyahifadhi maneno yao yasipotee. Wangari Maathai, ambaye wengi humjua kwa miti na kwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2004, aliishi sehemu ya utoto wake katika shamba la mlowezi karibu na Nakuru, ambako baba yake alikuwa ameajiriwa. Msomaji wa Njoro au Rongai anayelima kwenye udongo huohuo ana haki ya kuanzia hapo badala ya kuanzia jukwaani Oslo.

Uwe mwangalifu zaidi kwa wanawake wa zamani ambao habari zao ziliandikwa na wengine. Moraa wa Ngiti wa Kisii anakumbukwa kama mganga na mwonaji aliyewahimiza Abagusii kuupinga utawala wa Waingereza, na Otenyo, aliyemchoma mkuki afisa Northcote mnamo Januari 1908, anatajwa daima pamoja naye. Kumbukumbu za wakoloni zilimwona Moraa kama mchochezi. Masimulizi ya nyumbani yanamwona kama mlinzi. Unapoandika habari zake, taja katika sentensi ileile ni nani aliyesema unachokiandika.

Kwa wanawake waliowahi kuwa wabunge, Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, ni hazina isiyotumiwa ipasavyo, kwa sababu humo mnapatikana maneno yao wenyewe pamoja na waliyojibiwa. Maktaba za umma zilizoko Kisumu, Nakuru na Kakamega ni mahali pazuri pa kuanzia.

Yule unayemfahamu

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa usiharakishe. Nilipomwendea yule mama wa Dunga, alikubali kuzungumza kwa sharti moja, kwamba asiache kazi yake. Sasa ninalichukua sharti hilo kuwa kanuni. Mtu aliyekaliwa mbele na mgeni mwenye kalamu hutoa majibu ya kanisani. Mtu ambaye mikono yake inachambua kunde, inasuka kikapu au inapepeta mahindi hukumbuka kwa mikono. Nilifika saa mbili asubuhi nikamkuta anaanika. Omena walikuwa wametoka ziwani alfajiri, bado wana mng’ao wa sarafu mpya, naye alikuwa akiwamwaga juu ya wavu wa zamani uliotandazwa chini na kuwasambaza kwa viganja mpaka pasiwe na samaki aliyemlalia mwenzake. Kila baada ya muda aliinama akaokota fulu mdogo, samaki wa aina nyingine, au jani la gugu maji akalitupa kando, kisha akainua macho kutazama wingu lililokuwa upande wa ziwa. Aliniambia, bila kuulizwa, kwamba mvua ikiwanyeshea kabla hawajakauka huwa hawafai tena kwa mboga, na huuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Katika nusu saa hiyo nilijifunza mengi zaidi kuhusu uvumilivu wake kuliko ambavyo angeweza kunieleza kama ningemuuliza kuhusu uvumilivu.

Omba ruhusa ya kurekodi kabla hujaitoa simu mfukoni. Iweke karibu na anayezungumza, juu ya kreti au kiti, na uikinge upepo kwa leso. Sauti ya upepo wa ziwa humeza maneno, na mvua juu ya bati huyamaliza kabisa. Mkiwa ndani, zima redio kwa adabu. Zungumzeni lugha yake. Mwandishi anayemhoji kukhu wake, yaani bibi yake, kwa Kiswahili kwa sababu ataandika kwa Kiswahili atapewa habari fupi. Mwache asimulie kwa Kibukusu, Kijaluo, Kinandi au Ekegusii, na tafsiri uifanye usiku, ukiyaacha kama yalivyo yale maneno yasiyohamishika.

Swali la tarehe huwatesa wengi, maana wazee wetu wengi hawakuandikishwa walipozaliwa, na mwaka ulio kwenye kitambulisho mara nyingi ulikisiwa na karani. Usimuulize, “Ilikuwa mwaka gani?” Muulize kilichokuwa kikitokea. Mvua kubwa za 1961 na 1962, ziwa lilipopanda na kumeza mashamba. Uhuru wa Desemba 1963. Kifo cha Mboya, 1969. Maziwa ya Nyayo shuleni, yaliyoanza 1979. Jaribio la mapinduzi la Agosti 1982. Njaa ya 1984 na mahindi ya manjano. Darasa la kwanza kufanya mtihani wa mfumo wa elimu wa 8-4-4, 1985. Gugu maji lililofunika ghuba ya Winam, na mvua za El Niño, mwishoni mwa miaka ya 1990. Elimu ya msingi bila malipo, 2003. Vurugu za baada ya uchaguzi, mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008. Mwanamke atakuambia kwamba mtoto wake wa tatu alianza kutembea wakati wa mahindi ya manjano, na kutoka hapo unaweza kuhesabu mbele na nyuma mpaka maisha yote yapangike. Kwa familia nyingi za Nakuru na pande za Eldoret, swali la 2008 lina uchungu. Liache lije lenyewe.

Kisha uliza mambo madogo. Siku ile uliamka saa ngapi? Miguuni ulivaa nini? Ulikuwa na shilingi ngapi, na ulizifunga wapi? Nani alibaki na mtoto? Nani alikucheka? Maswali makubwa, kama lile la siri ya mafanikio, huzaa majibu yanayofanana. Yajue pia ya kazi yake kabla ya kufika, ili swali lako liguse mahali penyewe. Kwa mfano, uvuvi wa omena hufungwa kila mwaka kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai ili samaki wazaane, na hata katika miezi mingine, mwezi unapokuwa mpevu, taa za wavuvi hazivuti samaki vizuri. Basi nilimuuliza mama yule: miezi ile minne watoto walikula nini? Aliacha kusambaza, akakaa juu ya ndoo, na hapo ndipo hadithi yenyewe ilipoanza. Alinieleza jinsi alivyokuwa akipanga zamu yake katika nyoluoro, ule mchango wa kuzunguka wa akina mama kumi na wawili, iangukie mwezi wa nne kila mwaka, na jinsi alivyobadilishana zamu na mwenzake mmoja muuza mboga ambaye yeye shida yake ilikuwa Januari, wakati wa karo. Hakuna aliyewafundisha. Nimeutumia mpango huohuo katika chama chetu cha kazini.

Muombe mwishoni akuonyeshe karatasi: cheti cha ubatizo, kadi za kliniki za watoto, daftari la chama, picha zenye muhuri wa studio nyuma yake. Zipige picha mlangoni, penye mwanga wa mchana, na uzirudishe mkononi mwake palepale. Usiondoke na karatasi ya mtu hata kwa usiku mmoja.

Yasiyoandikwa

Kuna mambo utakayosikia ambayo si yako. Katika fuo za Ziwa Victoria kuna desturi ya jaboya, ambapo mwanamke hulazimika kuwa na mahusiano na mvuvi ili auziwe samaki, na mwandishi mwenye haraka huenda moja kwa moja kuiulizia kwa kuwa ameisoma mahali. Mimi sikuiuliza. Mama yule aliitaja mwenyewe, siku ya tatu, kwa sentensi moja, kuhusu wanawake wengine, kisha akasema niizime simu. Niliizima. Aliyoyasema baada ya hapo hayamo katika daftari langu, na hayatakuwamo. Kabla ya kuaga, muulize waziwazi: katika haya yote, lipi lisiandikwe, na lipi liandikwe lakini bila jina? Jibu lake liandike ukurasa wa kwanza ili usilisahau miaka mitano ijayo.

Kuhusu majina, nina msimamo mkali. Wanawake wetu huolewa na jina, kisha huitwa Mama Fulani, kisha Nyar Alego au Nyar Gem, yaani binti wa Alego au wa Gem, kwa eneo walikotoka, mpaka jina walilopewa na wazazi wao likabaki kwenye kitambulisho pekee. Majina yote hayo ni ya heshima, na yaandike yote, lakini lile la kwanza litangulie, kama mwenyewe ameridhia litajwe. Nilimjua jirani mmoja kwa miaka kumi na minane kama Mama Achieng; nililisoma jina lake kamili kwa mara ya kwanza kwenye tangazo la kifo.

Kumsomea

Usimalize kazi peke yako mezani. Rudi kwake na ulichoandika, ukisome kwa sauti, polepole, katika lugha mliyozungumza, na uwe na kalamu mkononi. Nilirudi Dunga asubuhi nyingine, nikaketi juu ya ileile ndoo, nikasoma. Alisikiliza huku akigeuza omena, akitikisa kichwa mara moja moja, akinirekebisha jina la mtaa hapa na idadi ya watoto pale. Nilipofika kwenye sentensi iliyosema kwamba mwishoni mwa miaka ya 1990, gugu maji lilipoziba ufuo, “alipata mtumbwi na hali yake ikabadilika,” alisimama.

“Nyathina, mwanangu, sikupata,” alisema. “Anayepata amepewa na mtu. Mimi nilikodi. Shilingi mia tatu kila Jumamosi, hata juma ambalo mtumbwi haukutoka.”

Nilitazama ukurasa na kuona ni mara ngapi nilikuwa nimeandika alipata, alijaliwa, alifanikiwa, maneno yanayoonyesha kitu kikimfikia mwanamke pasipo yeye kunyoosha mkono. Nilikata la kwanza mbele yake, nikaandika: “Alikodi mtumbwi kwa miaka mitatu, akilipa shilingi mia tatu kila Jumamosi.” Aliniomba niisome tena. Nikaisoma. Akaitikia kwa kichwa, akainama kuendelea kugeuza omena, nami nikahamia kwenye neno lililofuata.